Nipeli za breki zimegoma, moja nimeshaikata. Naombeni msaada kabla sijakata nyingine

Hilux_Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Nina Hilux ya 1997, dizeli, diski mbele, drami nyuma. Kazi yake mnaijua wengi mnaoishi huku: alfajiri napakia nazi na samaki hapa Tanga, napanda Lushoto, jioni nateremka na kabichi, karoti na viazi. Aliyewahi kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo sina haja ya kumweleza. Kilomita zaidi ya 30 za kona juu ya kona, mwamba huku, korongo kule.

Jumanne iliyopita nimeshapita Soni, nyuma nina mzigo wa kabichi umejaa, nikakanyaga breki, pedali ikaenda chini laini kama nakanyaga sifongo. Nikapampu mara tatu ndipo ikashika kidogo. Nikaingiza gia ya 2, nikavuta na breki ya mkono, nikailaza gari kwenye ukingo upande wa mlima. Nimekaa pale kama nusu saa mikono inatetemeka. Magurudumu yalipopoa pedali ikarudi kama hakuna kilichotokea. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki: meusi kama kahawa. Gari ninayo mwaka wa 4 na sijawahi kuyabadilisha. Hilo ni kosa langu.

Jumapili nikasema nimwage yote, niweke mapya, nitoe upepo. Nimeanza na gurudumu la mbele kulia. Nikaweka spana ringi namba 10 kwenye nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta na upepo, haikutikisika. Nikachomeka bomba kwenye spana ili niongeze nguvu. Nikahisi inazunguka, moyo ukafurahi, kumbe ilikuwa inajinyonga. Kichwa kikatoka ndani ya spana, kiwiliwili kimebaki kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, kama kuvunja kijiti.

Sasa zimebaki tatu za magurudumu, na zote zina kutu hiyohiyo. Nimeogopa kuzigusa. Fundi wa mtaani anasema "vunja tu zote, tutanunua kalipa na silinda nyingine." Sina fedha hiyo, na gari isipotembea nyumbani hakuliki. Naomba kujua: zile tatu nazifunguaje bila kuzikata? Na hii iliyokatika nafanyaje? Likizo mwanangu wa darasa la 6 hupanda na mimi huko juu, kwa hiyo jambo hili sitaki kulifanya nusunusu.

---

Kaka_Gereji

Pole sana kaka. Mimi huwa nazimwagia mafuta ya taa, nasubiri dakika 10, halafu nabana na vaisigripu (ile koleo inayojifunga) na kuzungusha kwa nguvu moja, sio kidogokidogo. Ikikataa weka moto wa gesi juu ya nipeli mpaka iwe nyekundu. Itatoka tu.

---

Fundi_Likoni

Mwanangu, pole na ya Soni. Mshukuru Mungu mlima ulikuwa upande wako.

Mimi ni fundi Likoni, mwaka huu natimiza 31 kwenye kazi, na magari ninayoyashika yote yanakunywa chumvi: ya ufuoni, ya kivukoni, ya wavuvi. Nipeli zilizogoma ndiyo chai yangu ya asubuhi. Nitakueleza ninavyofanya, lakini kwanza naomba usifanye alivyokwambia ndugu yangu hapo juu. Najua nia yake ni njema. Vaisigripu inakula pembe za kichwa kabla nipeli haijafikiria kusogea, na "nguvu moja" ndiyo hasa iliyoikata ya kwanza. Moto wa nipeli nitaurudia.

Uelewe kwanza kile chuma ni nini. Nipeli ina tundu katikati kama bomba. Tundu linashuka kutoka juu hadi karibu na ncha, na pale chini limetobolewa pembeni ili mafuta yaingie. Ncha yenyewe ni koni, inakaa juu ya kiti cha koni ndani ya kalipa, na hapo ndipo inapoziba. Sredi, ile mikato ya skrubu ubavuni, hazizibi kitu, zinaishikilia tu. Kwa hiyo una kijibomba chembamba, kuta zake nyembamba, kimeshikwa sehemu mbili: koni chini na kutu kwenye sredi. Nguvu ya mkono wako juu ya spana ndefu inatosha kukinyonga mara nyingi zaidi ya kinavyoweza kustahimili. Kiwandani zinakazwa kidogo mno, nyingi kati ya Nm 8 na 11, yaani kukaza kwa kifundo cha mkono tu. Waliokuja baadaye wakakaza kama nati ya gurudumu, kisha miaka ikapita.

Kwa hiyo kazi si nguvu. Kazi ni kuushtua ule mshiko mpaka uachie.

Siku ya kwanza usishike spana kabisa. Burashi ya waya, sugua nipeli na shina lake mpaka uone chuma. Toa uchafu kwenye tundu la katikati kwa waya mwembamba. Pulizia dawa ya kulegeza kutu pale shina linapoingia kwenye kalipa, tone mbili tatu, halafu chukua nyundo ndogo uigonge kalipa pembeni ya nipeli, kama mtu anayebisha hodi. Mitikisiko ndiyo inayoivuta dawa ndani ya sredi. Rudia jioni. Rudia kesho. Mimi gari la ufuoni nalipatia siku 3, na mwenye gari akinung'unika namwambia siku 3 ni rahisi kuliko kalipa.

Siku ya kufungua, tafuta biti ya drili ambayo ule upande wake laini, sio wa kutobolea, unaingia kwenye tundu la nipeli kwa kubana, isiwe inacheza. Ichomeke mpaka igote chini. Hapo umefanya mambo mawili: umekijaza kijibomba ili kuta zisiingie ndani, na umepata njia ya kuifikia koni. Igonge ile biti kwa juu, mapigo makali mafupi, matano sita. Yanatua moja kwa moja kwenye kiti cha koni, na hapo ndipo mshiko mkubwa ulipo. Vaa miwani, biti ni chuma kigumu, inaweza kurusha kipande. Kwenye silinda za nyuma, zile zinazosukuma breki za drami, punguza mkono, zile ni ndogo na zimeshikwa na bati la nyuma tu.

Sasa spana. Usitumie ya mdomo. Spana ringi ya pembe 12 nayo siitaki kwa kazi hii, inashika ncha za pembe tu. Tumia soketi ya pembe 6, inayokaa bila kucheza hata kidogo, na mpini mfupi. Ukiweza acha biti ndani ya tundu na utumie soketi ndefu iimeze. Na jambo ambalo vijana wangu huona la ajabu: anza kwa kukaza. Kidogo sana, upana wa unywele. Kutu ikivunjika upande wa kukaza imevunjika, haijali ulikotoka. Kisha legeza. Kaza, legeza, kaza, legeza, na dawa kila baada ya muda.

Sikiliza mkono wako. Ikitoa "tik" kavu, imeachia. Ikilia kama mlango wa zamani, nayo ni habari njema, iongeze dawa na uendelee kuikaza na kuilegeza. Lakini ikizunguka laini, kama unanyonga mpira, acha hapohapo. Haijafunguka, inajinyonga. Wewe ulihisi hivyo Jumapili, ulitueleza mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilihisi hivyohivyo kwenye Peugeot 504 ya mzee mmoja aliyekuwa akibeba abiria kwenda Lunga Lunga. Nilifurahi kama wewe. Nilikata mbili siku moja, na yule mzee alikaa siku 4 bila kazi kwa ajili yangu. Uso wake ninao mpaka leo. Kila nikifika kwenye nipeli ya nyuma mkono wangu unakumbuka wenyewe.

Moto. Unafanya kazi, tena sana, ila unapasha *kalipa* kuizunguka nipeli, hupashi nipeli. Chuma cha nje kikivimba kinaachia cha ndani. Ukipasha nipeli, yenyewe ndiyo inavimba na kukaza zaidi. Na haina haja ya wekundu: tone la maji likichemka kwa kelele juu yake, panatosha. Ukigusisha mshumaa kwenye mzizi wa nipeli ikiwa moto, nta inanywewa kwenye sredi na kuteleza vizuri. Lakini mipira ya pistoni haipendi moto, kwa hiyo fanya hivyo tu kama umeshaamua kuifungua kalipa na kuweka mipira mipya. Ishushe kwenye gari, mwaga mafuta yote, toa pedi, toa pistoni. Mafuta ya breki yanashika moto, na yakichemka ndani ya chuma kilichofungwa yanakurukia usoni. Na kama umepulizia ile dawa ya kopo ya kusafishia breki, usiwashe moto karibu yake hata ikikauka machoni pako. Baadhi zina klorini, na klorini hiyo ikikutana na moto mkali inatoa hewa ya sumu inayoharibu mapafu. Wengi hawaambiwi.

Mafuta ya taa hayo, nje unaweza, ndani ya breki kamwe. Wala dizeli, wala oili ya injini. Mipira ya breki ikiguswa na mafuta ya jamii ya petroli kama hayo inavimba na kulainika kama mkate ndani ya chai. Hata hiyo dawa ya kutu, nipeli ikishafunguka sukuma mafuta ya kutosha nje ili kilichoteleza kisirudi ndani.

Na Hilux yako ina nipeli ya 5. Fuata bomba la breki la nyuma utaona vali iliyounganishwa na ekseli kwa mkono wa springi. Inapima mzigo, gari ikiwa tupu inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Nyingi zina nipeli yake juu, na mafundi wengi hawaiangalii, wanatoa upepo magurudumu yote na pedali bado laini. Hiyo iwe ya mwisho.

---

Hilux_Tanga

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea na mke wangu.

Nimeanza jana kusugua na kuweka dawa. Hiyo vali nimeiona kweli, na nipeli yake ipo, imefunikwa na tope hata sikuwahi kujua ni kitu gani.

Swali: nyuma kushoto kichwa cha nipeli kimeshaliwa pembe, sidhani kama soketi itashika. Nikiamua kubadilisha silinda yote, ile nati ya bomba la breki nayo naona imekauka. Nikiilazimisha si nitanyonga bomba?

---

Dada_wa_Spea

Kaka pole. Mimi nauza spea Arusha, marehemu baba alikuwa fundi na nimekulia chini ya magari, kwa hiyo niruhusu niingie hapa.

Kwa nyuma usipoteze siku. Silinda ya gurudumu la nyuma ni kitu cha bei nafuu, inakuja na nipeli mpya na mipira mipya ndani. Kalipa ya mbele ndiyo ya kuipigania. Wateja wangu wengi hufanya kinyume: wanahangaika wiki nzima na silinda, kalipa wanaivunja siku moja.

Nati ya bomba uko sahihi kuiogopa. Iko spana yake, inafanana na ringi iliyokatwa mdomo ili ipite juu ya bomba. Inashika pembe 5 badala ya 2. Tafuta hiyo, hata ya kuazima. Weka dawa siku zilezile unazoweka kwenye nipeli, kaza kidogo kabla ya kulegeza kama alivyosema mzee, na macho yako yawe kwenye bomba, siyo kwenye spana. Ukiona bomba linazunguka pamoja na nati, simama, ongeza dawa, rudi kesho. Likishanyongwa ni kutengeneza bomba jipya. Kuwa na kofia ya kuziba bomba tayari, mafuta yasimwagike. Na yakigusa rangi ya gari yanaibabua, mwagia maji haraka.

Halafu mafuta mapya. Nunua kopo lililofungwa, usipokee la kupimiwa kwenye chupa ya maji hata kama muuzaji ni rafiki yako. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa, ndiyo maana yako yalikusaliti Soni. DOT ni daraja la mafuta ya breki. DOT 3 mpya inatakiwa ichemke kuanzia nyuzi 205, ikishakunywa maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukiwa unakanyaga breki mfululizo na mzigo kwenye mteremko ule, joto hilo linafikiwa, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo ile sifongo. Zikipoa mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapona, mtu anadhani ni shetani wa njia. Soma kifuniko cha kikopo chako kinataka ipi. DOT 3 na DOT 4 zinaelewana, DOT 5 ni silikoni, usiichanganye nazo. Kwa kazi yako mimi ningebadilisha kila mwaka, nisingengoja miaka 2.

---

Mchomeleaji_Korogwe

Kuhusu ile iliyokatika. Ishushe kalipa, ifungue mipira yote kama alivyosema mzee, ipeleke kwa mtu wa kuchomelea anayejua mkono wake. Anaweka nati kubwa kidogo juu ya kisiki, anachomelea kwa ndani ya nati ishikane na kisiki, anaacha wekundu upotee, halafu anaikaza kidogo na kuilegeza. Joto la kuchomelea linafanya nusu ya kazi. Mimi zinatoka nyingi kwa jaribio la kwanza, nyingine nati inakatika narudia mara ya 3 au ya 4 mpaka inakubali.

Usianze na kile chuma cha kuchimbia visiki chenye sredi za kinyume. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu na chembamba, kikivunjikia ndani ya tundu hakuna drili ya mtaani itakayokigusa, na hapo kalipa imekufa kweli.

Ukifika kwenye drili ujue unatafuta njia ya mwisho. Lazima iende katikati kabisa, kwa sababu ukikigusa kiti cha koni chini, nipeli mpya itavuja maisha yake yote.

---

Fundi_Likoni

Hao wawili wamesema kweli yote, sina la kuongeza juu yao.

Ukifunga nipeli mpya, paka grisi ya silikoni kidogo kwenye sredi za juu, isifike kwenye tundu wala koni. Usizungushe tepu ya plamba, haina kazi pale. Kaza kwa mpini mfupi, basi. Na kofia ya mpira lazima. Kile kimpira kidogo ambacho watu hutupa ndicho kinachozuia chumvi isilale ndani ya tundu.

Kutoa upepo anza gurudumu la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, kisha ile vali. Mtu wa kukanyaga pedali asiizamishe mpaka sakafuni, masta silinda ya zamani ina kutu pale ambapo mipira haijawahi kufika, utaichana. Weka kipande cha ubao chini ya pedali.

Na usipande Lushoto kabla hujamaliza. Hata bila mzigo.

---

Hilux_Tanga

Wazee wangu, narudi na majibu. Imechukua siku 9.

Mbele kushoto nimeweka dawa siku 4. Biti ya drili niliyopata inaingia kwa kubana kama ulivyosema, nikagonga, nikakaza unywele, nikalegeza. Ikatoa ile "tik". Nilisimama nikamwita mke wangu aje aone, na hakuna cha kuona, nipeli tu imezunguka robo. Nyuma kulia ililia kama mlango, nikaenda nayo mbele na nyuma kwa dakika 20 hivi, ikatoka nzima. Ya vali nayo imetoka, ndani yake mafuta yalikuwa mazito kama uji.

Nyuma kushoto nimeweka silinda mpya. Spana ya bomba niliazima kwa jamaa wa bandarini. Bomba likaanza kunifuata, nikasimama kama dada alivyosema, nikarudi kesho yake, likaachia.

Iliyokatika ilitoka kwa mchomeleaji kwenye nati ya pili. Kiti cha koni ni kizima, nimekitazama kwa tochi. Nimeweka mipira mipya na nipeli mpya, kofia zote 5 zipo.

Jana mchana nimeteremka kutoka Lushoto tupu, gia ya 2 na ya 3, nimesimama Soni nikashika magurudumu yote manne kwa karibu nisikie joto, nikaangalia chini kama kuna tone. Pakavu. Pedali iko juu na ngumu. Kesho alfajiri napakia nazi.